Mgeni wa Darasa la Pili

Mama Kidoti alijifungia katika chumba cha mashuka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingia darasa la pili.

Nje ya mlango, mashine za kufulia nguo za hospitali zilinguruma. Mwenzake wa zamu, mwanamke mcheshi asiyekosa neno, alikuwa amekubali kumshikia nafasi.

"Unakwenda wapi?" alikuwa amemwuliza.

"Shule."

"Kwa umri huo? Haya, kimbia, kengele isikukute njiani."

Mama Kidoti alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwa amecheka hivyo tangu alipokuja kutafuta riziki katika nchi za watu, akamwacha binti yake kwa mumewe. Mdogo wake wa kike, waliyetoka naye tumbo moja, ndiye aliyehamia pale nyumbani kumlea mtoto.

Na mlezi alikuwa mlezi kwelikweli. "Dada, usimpigie mtoto kwanza," alimwambia. "Akisikia sauti yako analia kutwa, hali wala halali. Mwache atulie." Basi akameza uchungu, akaridhika na salamu za kuletewa. Mkataba wake wa kazi ulipokwisha na moyo ukamtuma kurudi, mdogo wake alimsihi, "Ongeza mwingine, dada. Huku mambo shwari." Mume naye akasema hivyohivyo.

Ndipo ulipoingia ujumbe wa shule. Madarasa yanapakwa rangi, watoto watasomea nyumbani kwa siku moja, kila mmoja mbele ya simu ya mzazi. Ujumbe ulitumwa kwa mpigo kwa namba zote za wazazi, hata ile yake ya zamani, aliyoitunza kama mboni ya jicho. Hakumwambia mtu wa nyumbani. Angekatazwa tu.

Alizima kamera, akazima na sauti yake, akatazama.

Vichwa vidogo vilijaa kiooni kama maharage sufuriani. Mmoja alikuwa amemkumbatia paka. Nyuma ya mwingine alipita babu mwenye fulana na mswaki mdomoni. Na pale, kwenye kona ya chini, alikuwa Kidoti wake. Kile kidoti cheusi kilikuwa palepale shavuni, lakini meno ya mbele yalikuwa yameota, makubwa, ya mtu mwingine kabisa.

Ukutani nyuma ya mtoto ilining'inia picha ya Mama Kidoti mwenyewe. Walikuwa wameikuza, wakaitia fremu, na chini yake wakaweka kimeza chenye gilasi ya maua. Machozi yakamlenga. Wahenga husema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye hakuwepo, lake lilikuwepo, tena limepambwa.

"Namwona mgeni asiye na picha," alisema Mwalimu. "Ni nani?"

"Mzimu!" akadakia mvulana wa paka, na darasa zima likaangua kicheko.

Kidoti peke yake hakucheka.

"Atakuwa mzazi," Mwalimu akasema haraka. "Wazazi karibuni, ila msiwajibie watoto. Kidoti, mpenzi wangu, hujambo? Siku hizi unalala vizuri?"

"Nalala, Mwalimu. Siku hizi silii."

Kumbe mdogo wake hakumdanganya. Mtoto alikuwa akilia kweli.

Kazi zikaanza. Tafuteni kitu cha duara; watoto wakatawanyika kama vifaranga, wakarudi na mifuniko, sahani, na mmoja na tairi la baiskeli la kaka yake. Hesabuni vijiko. Simameni, nyoosheni mikono, ruka, ruka! Mama Kidoti naye alinyoosha mikono mpaka akagonga rafu, shuka likamwangukia kichwani. Aliliacha hapohapo. Hakutaka kupoteza hata kope moja ya mwanawe.

"Sasa chora familia yako," Mwalimu alisema, "halafu utuonyeshe."

Mkono wa mdogo wake ulijitokeza pembeni, ukamsogezea Kidoti penseli, ukamlaza kola vizuri, ukatoweka. Mkono mwema. Mama Kidoti alitamani kuubusu.

Zamu ya Kidoti ilipofika, aliinua karatasi kwa mikono miwili.

"Huyu baba. Huyu mimi. Huyu mama, kamshika mtoto wetu mchanga."

Mama Kidoti aliisogeza simu usoni. Mama yule wa kwenye karatasi alikuwa na miwani. Maisha yake yote yeye hakuwahi kuvaa miwani. Mwenye miwani ni mdogo wake, tangu utotoni. Na mara ngapi alimwongoza kwa mkono kwenda shule, miwani ikivunjika!

Mashuka, rafu, mlango, vyote vilizunguka. Mtoto mchanga. Damu yake mwenyewe, chini ya paa lake mwenyewe, na mume wake! Ndiyo maana ongeza mkataba, dada. Ndiyo maana usipige, dada. Alijikuta amesimama, kidole kikiwa juu ya kitufe cha sauti. Leo watamsikia. Darasa zima litamsikia, na mtaa, na ulimwengu.

Lakini Mwalimu alikuwa bado anazungumza, taratibu, kama mtu anayegusa kidonda.

"Umechora vizuri sana, mpenzi. Na yule mama yako mwingine? Hutaki kumweka hata pembeni?"

Kidoti akatikisa kichwa.

"Yule tulishamzika, Mwalimu. Si na wewe ulikuja? Baba akasema sanduku lisifunguliwe."