Karatasi Bakulini

"Kombe kwanza, hospitali baadaye," Bi Zamzam alimjibu mkwewe, aliyempakata mtoto mwenye homa ya siku tatu.

Dada yake Bi Zamzam wa Chundwa alikuwa amemtumia karatasi mbili za herufi za Kiarabu: aya za kombe zilizoandikwa kwa zafarani, za kuroweshwa na kunywewa, na barua. Bi Zamzam alitosa moja bakulini bila kuvaa miwani.

Maji ya marashi yakageuka buluu.

"Mama, hiyo si zafarani. Ni wino wa kalamu!"

"Ya Rabbi, nimerowesha barua!" Akaiopoa, akaisogeza hadi puani. Mstari mmoja tu ulikuwa haujafutika: *Mwanangu nilimnywesha kombe, nikangoja hata siku ya nne. Kaburi lake unalijua.*

"Nipa buibui langu, mwanangu. Kombe atanywea njiani."