Nafasi ya Marehemu

Siku hizo kila nyumba iliendeshwa kama ofisi. Msimamizi, sauti iliyokaa ukutani, alipanga kazi alfajiri, akamgawia kila mtu zake, na jioni akakagua. Hakumjua mtu kwa sura wala kwa sauti, ila kwa kazi yake. Mtu akifa, nafasi yake hujazwa siku ya arobaini.

Mwanakombo hakutaka mwanamume mwingine aketi pale alipoketi marehemu mumewe, Shekue. Basi akazifanya kazi za mumewe zote: akakama mbuzi, akasugua tangi, akawafungulia wageni mlango. Zake mwenyewe zikalala, na sufuria zikaota ukungu.

Siku ya arobaini Msimamizi akasema, “Hongera, Bwana Shekue. Hukukosa hata siku moja.”

Mwanakombo akashusha pumzi.

“Mkeo ndiye hajafanya lolote tangu siku ya msiba. Pole kwa kufiwa.”

“Mwanakombo ni mimi! Niko hapa!”

Nje, sauti ya kike ikapiga hodi.

“Bwana Shekue,” akasema Msimamizi, “mfungulie mkeo.”

Mkono wa Mwanakombo ukaenda wenyewe kwenye komeo.