Deki Inasoma

Kta.

Kitu kidogo cha plastiki kiligonga chuma gizani, kikateleza, kikagonga tena. Kta. Kisha kimya, na pumzi ya mtu anayejizuia kutukana.

"Mama, mbona umekaa gizani?" binti aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa akimvalisha mtoto nguo za kulalia.

"Sinema hutazamwa gizani," Bibi akajibu kutoka sebuleni. "Na wewe msomi mzima hulijui hilo?"

Alikuwa amepiga magoti mbele ya deki, flashi mkononi. Enzi zake deki ilikuwa ndoo, tambara na mgongo unaouma. Ukiambiwa piga deki, unainama unasugua sakafu. Siku hizi deki ni sanduku chini ya televisheni la kuchezeshea mikanda, na bado mtu anainamishwa vilevile. Kidole gumba kikapapasa, kikapata tundu. Flashi ikazama.

Huo ulikuwa mtihani wake. Binti ndiye aliyeutunga, asubuhi moja wiki iliyopita, kwa upole, huku akifuta chai iliyomwagika mezani.

"Mama, sina wasiwasi na miguu yako wala mikono. Nina wasiwasi na kichwa. Juzi umetia chumvi kwenye chai."

"Chumvi na sukari zinavaa sare. Zilaumu zenyewe."

"Na yule kijana wa gesi umempa shikamoo."

"Ana adabu yule. Alistahili."

Binti alikuwa amecheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto kila jioni alikuwa amehama. Darasa la uhasibu lilikuwa limeshampita mara mbili, na mwalimu kasema akikosa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Basi wakakubaliana. Bibi akiweza kuchomeka flashi na kuuchezesha mkanda wa harusi ya kitindamimba wake, peke yake, bila mtoto kumsaidia, basi kichwa ni kizima na mjukuu ataachwa naye. Akishindwa, binti anavua viatu, anabaki nyumbani, na habari ya cheti inaishia hapo.

Bibi alikitaka kile cheti kuliko mwenye kukisomea. Wiki nzima alikuwa amejifua kwa siri na mjukuu wake, ambaye humwita mke mwenzangu. Ngoja deki iungurume. Kwenye rimoti, kishale chini, chini tena, halafu kitufe cha katikati. Mke mwenzake alikuwa mwalimu mkali. Ukikosea, unaanza upya na biskuti inaliwa.

"Flashi umeipata?" binti aliita. "Leo niliipitisha kwa mpiga picha. Ule mkanda ulikuwa unakwamakwama, akaufuta, akaniwekea mwingine. Anasema huu ni safi zaidi."

"Usafi wa nini, na sura ni zilezile?"

Akabonyeza. Chini. Chini. Katikati.

Deki ikaunguruma, halafu ikanyamaza.

"Inasoma?"

"Tulia. Inasoma kukushinda wewe. Yenyewe haikosi darasa."

Ndipo ngoma zikapasuka na vigelegele vikajaa sebule nzima. Bibi akajikokota hadi kwenye kochi, akakaa kwa madaha kama mwenye harusi yake.

"Haya, huyo shangazi yako na kilemba chake kama mnara," akasema kwa sauti ya kufika chumbani. Kigelegele kirefu cha shangazi kikapanda mpaka darini. "Na bwana harusi huyo anaingia. Jamani, mwanangu. Sasa atamkanyaga mwenzake gauni. Anakuja, anakuja… hapo."

Wageni kwenye mkanda wakaangua kicheko, na Bibi akacheka nao papo hapo.

Binti akaja hadi mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akawasha taa. Bibi hakugeuka, wala hakupepesa macho. Kutoka pale mlangoni kabati la vyombo liliikinga televisheni, lakini binti wala hakujisumbua kuchungulia. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Na mimi nimetokea?"

"Umetokea. Umependeza, ila unatafuna mno."

"Mama." Sauti ya binti ililainika. "Nisamehe. Nilikuwa nakuwazia vibaya."

"Msamaha haufaulishi mtu mtihani. Nenda, mwalimu asije akafunga mlango."

Binti akavaa kiatu cha pili. Mkoba ukapanda begani. Kwa mara ya kwanza tangu jirani ahame, Bibi alimsikia akiimba chini chini, wimbo usio na maneno, wa mtu anayejua anakokwenda.

Mtoto naye akapenya chini ya mkono wa mama yake, akakimbia, akaruka juu ya kochi na kujibanza ubavuni mwa Bibi.

"Karibu, mke mwenzangu. Umechelewa, harusi imenoga. Hebu mwone mjomba wako anavyoyarudi magoma."

Mtoto akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama tena. Akamgeukia Bibi, aliyekuwa bado anatabasamu kuelekea mbele.

"Bibi," akasema, "kwenye tivii hakuna picha."