Redio Tatu, Mawe Kumi na Mawili

Saa kumi kamili redio zote za mji wa Baraka zikakohoa, kisha ile sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama mtu anayechambua mboga: "Bamama ba Lweba, mufiche mbuzi. Kesho basoda ba Komanda banashuka kutafuta supu."

Mwezi mzima ilikuwa hivyo. Komanda Bonaventure akipanga jambo mezani nyumbani kwake, kesho yake askari wanakuta zizi tupu. Vita vilimpa bunduki tele, ila nyama aliisikia harufu tu.

Wiki hii sauti ilikuwa imeanza kufifia, na fundi redio Casimir hakuwa na raha. Mbuzi wake tisa walikuwa Lweba.

"Utanitafutia huyo muntu," Komanda akamwambia, "ao nitakufunga, utalala mu kasho."

"Nitamupata, chef. Nipe redio tatu na mawe ya redio kumi na mbili, ya mupya."

"Redio tatu zinakula mawe sita."

"Za kutafuta muntu zinakula mara mbili."

Komanda, ambaye alijua bunduki tu, akatoa betri zote kumi na mbili.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Ndani ya redio ndogo kuna fimbo nyeusi ya kunasa mawimbi. Ukiizungusha redio polepole, kuna upande sauti inakufa, na hapo fimbo imemwelekea msemaji kama kidole. Casimir akaweka askari mmoja sokoni, mmoja ufukweni, mmoja mlimani. Saa kumi wakazunguka na redio zao mpaka watu wakauliza nani anaolewa.

Casimir akachora mistari mitatu kwenye karatasi. Ikakutana nyumbani kwa Komanda, chumba cha nyuma.

Akampelekea Komanda. Komanda akatazama karatasi, akatazama chumba, akarudi nyuma hatua moja. Humo alikaa Mama Anastasie, mama mkwe wake, tangu alipokimbia mapigano ya Fizi. Na mwanaume mwenye adabu hakanyagi anapolala mama mkwe. Hamtazami usoni, wala sauti yake haijui. Maneno yote hupitia kwa mke. Askari nao walikuwa wamesharudi nyuma, maana nani atamvunjia mkubwa wake heshima?

"Redio yako iko na wazimu," Komanda akasema. "Lakini ingia weye, we si mukwe. Tafuta mpaka chini ya kitanda." Akageuza uso, akaangalia ziwa.

Casimir akabisha hodi, akaingia, akafunga mlango.

Mama Anastasie alikuwa kitandani anachambua mboga za lengalenga. Hakushtuka. Akasogeza kikapu, akanong'ona:

"Umekawia, fundi. Mashini yako ya kusemea iko inakufa tangu mwanzo ya juma hii, na bale basoda ba ku mulango habaachie muntu apite. Umeleta mawe?"

Casimir akamwekea sita mikononi, mapya kabisa.

"Mukwe wako anakusalimia," akasema.