Siku Iliyobaki

Kitendawili, mjukuu wangu: huvunjika kila siku, wala hakuna asikiaye kishindo. Umeshindwa? Basi nipe mji nikwambie: ni daraja la ndani ya kompyuta.

Mhandisi Mize alilivunja humo, ili lile la kweli litakapojengwa lisije likaanguka na watu. Kompyuta ilikuwa nzito, jaribio moja likila siku nzima, kwa hiyo ilimbidi achague machache. Alikwisha kupanga upepo, mafuriko na mikokoteni ya gulioni.

"Limebaki moja, dada," akasema Makame, mwenzake. "Siku gani watu hubanana mahali pamoja, wote wakienda mbio?"

Mize akatazama nje. Dirishani lilionekana daraja kuukuu la mbao, na ng'ambo yake makaburi. Juzi mama yake alipitishwa pale. Yeye alibaki huku na wanawake, kisha wanawake nao wakaenda makwao.

Makame akatoka, akarudi na vikombe viwili vya chai, akamsogezea kimoja.

"Siku ya maziko," Mize akasema. "Kila mtu hutaka kutia bega chini ya jeneza. Niliwaona, Makame. Mbao zilikuwa zikilia."