Makande ya Sinia Moja

Tangu lilipong'oka jino lake la mwisho, Bi Nakijwa alikuwa akinywa uji peke yake chumbani, akidai hana tena hamu ya makande. Siku hiyo mkwewe, Zawena, aliitumbukiza blenda ya mkono ndani ya sufuria ya watu wote, akasaga mpaka haikubaki punje nzima. Akapakua kwenye sinia moja, akamwita.

Bi Nakijwa alionja, kisha akawatazama wajukuu, wenye meno yao yote, wakilamba vidole bila kunung'unika.

"Makande ya leo yameiva," alisema.

"Yameiva, Mama," Zawena alijibu.

Bi Nakijwa akajisogeza. Akavuta tonge kubwa kutoka upande wake wa sinia, akalisukuma taratibu mpaka upande wa Zawena.