Usimwache

"Mwache mama peke yake saa ya kwanza baada ya kujifungua," kompyuta ilisema kwa sauti ya Mwanakheir mwenyewe.

Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Alikuwa mkunga wa miaka ishirini, na somo hili la slaidi lilikuwa la wakunga wapya wa shamba, huko vijijini. Alipokuwa akirekodi, yeye alisema "usimwache". Vespa iliyopita kichochoroni ilipiga honi ikaimeza "usi".

"Watafahamu tu," alisema muuguzi mwenziwe aliyekuja nyumbani kwake kuichukua kazi hiyo. "Si imeandikwa kwenye slaidi?"

"Wengine wataisikiliza kwenye simu, mikono imo kazini. Hawatasoma."

"Bi Mwanakheir, hospitali wanaitaka saa kumi. Na slaidi ni thelathini."

Mwanakheir alisikiliza slaidi mbili nyengine. Maneno yalirudi kutoka kwenye kuta za mawe kama yamesemwa kisimani. Akazifuta sauti zote.

Kisha akafungua kabati, akasogeza mabuibui na kanga, akaingia na kukaa katikati yake. Mkono wa nguo ya mahameli ulimgusa shavu. Aliiweka simu juu ya goti, shubiri moja kutoka mdomoni, akajaribu neno moja. Safari hii halikurudi.

"Nifungie mlango," alisema.

Mwenziwe aliufunga. Akiwa nje, alisikia kutoka kabatini slaidi ya kwanza ikianza, polepole, kama mtu anayesema na msichana aliye karibu yake.

Muuguzi alitazama saa, akavaa viatu, akashuka kichochoroni kuwaomba wenye vespa wazizime na kuzisukuma.